Mtoto wa Meru Atafikaje Mashindano ya Kanda?

Nenda katika mji wowote wa upande ule wa Mlima Kenya, uwe Meru, Chuka, Runyenjes au Embu, na karibu na steji ya matatu hutakosa ubao wa drafti. Vizibo vya soda upande huu, vizibo vya bia upande ule, na wanaume sita wamesimama nyuma ya wachezaji wawili wakitoa mawaidha ambayo hakuna aliyeyaomba. Hakuna anayeuliza mchezaji ametoka shule gani wala ana cheti gani. Ukimshinda aliyeketi, unaketi wewe. Akija mwingine akakushinda, unainuka.

Huo ndio utaratibu rahisi kabisa wa kufuzu, na laiti michezo yote ingekuwa hivyo safu hii isingekuwa na la kusema leo. Lakini watoto wetu wengi sasa wameacha vizibo wakashika sataranji, au chesi kama wanavyoiita wenyewe. Mwalimu anamwambia mzazi: mtoto wako ni hodari, inafaa acheze mashindano ya kanda. Hapo ndipo maswali yanapofululiza. Kanda gani? Anapelekwa na nani? Analipa nani? Wapo wazazi wanaodhani kuna fomu fulani inayonunuliwa Nairobi. Wengine, kwa kuwa wameyazoea mambo ya nchi hii, hudhani ni lazima umjue mtu.

La hasha. Njia ipo, na imeandikwa. Tatizo ni kwamba imeandikwa kwa lugha ya watu wa ofisini, na inapita mbali sana na Meru.

Tuanze na neno lenyewe, maana linawachanganya hata walimu. Kanda ni mbili. Ya kwanza ni ile ya michezo ya shule. Mkoa wa Mashariki wa zamani, ambao makao yake makuu yalikuwa Embu, ulianzia Moyale mpakani mwa Ethiopia ukateremka hadi Makueni. Katiba ya 2010 na uchaguzi wa Machi 2013 vilituletea kaunti 47, na wengi wakadhani mkoa umezikwa. Katika michezo ya shule haukuzikwa. Timu ya shule huanzia katika zoni yake, ikapanda hadi kaunti ndogo, kisha kaunti, kisha kanda, na kutoka huko ikaingia fainali za kitaifa. Kwa hiyo kijana wa Meru, wa Tharaka-Nithi na wa Embu bado wanakutana na wenzao wa Machakos na Kitui kabla ya kuiona Nairobi. Ngazi hiyo kila mzazi anaielewa: ukishinda chini unapanda, ukishindwa unarudi nyumbani na sare yako ya shule.

Kanda ya pili ni ile ya dunia. Shirikisho la kimataifa la sataranji, FIDE, lililoundwa Paris mnamo Julai 20, 1924, limeugawa ulimwengu katika kanda zenye namba. Afrika imepewa namba 4, na Kenya imo katika kanda 4.2 pamoja na jirani zetu kama Uganda na Ethiopia. Wachezaji wakizungumzia mashindano ya kanda, aghalabu hii ndiyo wanayoikusudia. Na si mashindano ya kupigania kikombe cha bati. Ni mojawapo ya mahali pachache ambapo mtu wa Afrika Mashariki anaweza kupata cheo cha kimataifa moja kwa moja kwa kufanya vyema katika mashindano mamoja, badala ya kuhangaika miaka mingi akisafiri Ulaya kukitafuta kidogo kidogo.

Huko hufiki kwa kushinda kaunti. Unafika kwa kupelekwa na shirikisho la nchi yako, ambalo kwetu ni Chess Kenya. Mashirikisho, hapa na kwingineko, yana njia tatu za kuchagua. Yanaweza kumchukua aliyeshinda ubingwa wa taifa. Yanaweza kutazama orodha ya namba za ubora na kuwachukua walio juu. Au yanaweza kuandaa mchujo maalumu na kusema, wa kwanza hadi wa nne wanakwenda, waliobaki wapige makofi. Mara nyingi njia hizo huchanganywa, na mchanganyiko wenyewe unaweza kubadilika mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa mzazi ni kusoma tangazo la mwaka huu na kuachana na lile la mwaka uliopita ambalo jirani amelihifadhi katika simu yake.

Kwa watoto kuna jambo jingine ambalo wazazi hawaambiwi mapema. Katika mashindano ya vijana ya dunia, kila nchi ina haki ya kuingiza mchezaji mmoja rasmi katika kila rika, wavulana na wasichana, na mwandaaji humpa malazi na chakula. Lakini nchi hiyo hiyo inaweza kuongeza wachezaji wengine wanaojilipia wenyewe. Umeona hapo? Kuna mlango wa mbele, ambao mtu huuingia kwa kushinda, na kuna mlango wa ubavuni, ambao huingiwa kwa mkoba wa baba. Sisemi mlango wa ubavuni ni wa wizi. Umo katika kanuni, na watoto wengi wamejifunza mengi kwa kuupitia. Nasema tu kwamba mtoto wa mkulima wa majani chai pale Nkubu ana mlango mmoja, na mtoto wa tajiri ana miwili. Na hata aliyepita mlango wa mbele mara nyingi bado anatafutiwa nauli ya ndege kwa harambee, maana malazi na chakula si nauli.

Rika nalo lina hesabu yake. Kwa mashindano ya vijana wanatumia miaka 8, 10, 12, 14, 16 na 18. Kwa yale ya shule wanatumia 7, 9, 11, 13, 15 na 17. Siku inayotazamwa ni Januari 1 ya mwaka wa mashindano. Mtoto atakayecheza chini ya miaka 14 mwaka 2026, kwa mfano, ni lazima awe amezaliwa Januari 1, 2012 au baadaye. Aliyezaliwa Desemba 31, 2011, usiku ule watu wanasubiri mwaka mpya, amepitwa kwa saa chache na atacheza na wakubwa. Ndiyo maana cheti cha kuzaliwa ni karatasi ya kwanza kuwekwa mezani, na wale ambao bado hawajakichukua wanajua wenyewe foleni ilivyo. Pasipoti ya mtoto, angalau, siku hizi watu wa huku wanaweza kuishughulikia Embu bila kwenda Nairobi.

Sasa tuingie ukumbini, kwa sababu watoto wengi hupoteza nafasi yao humo ndani na si katika karatasi.

Mtoto aliyezoea mpira anatarajia mtoano: ukifungwa unakwenda nyumbani. Sataranji haichezwi hivyo. Inatumia mfumo wa Uswisi, ambao ulibuniwa na mwalimu mmoja wa huko aitwaye Julius Müller na kutumika mara ya kwanza Zürich mwaka 1895. Katika mfumo huu hakuna anayetolewa. Kila mtu anacheza raundi zote, na kila raundi unapewa mpinzani mwenye pointi kama zako. Ushindi ni pointi 1, sare ni nusu. Wachezaji 32 wanahitaji raundi 5 kumpata mmoja aliyeshinda zote. 64 wanahitaji raundi 6. Ndiyo maana watu mia wanaweza kushindana mwisho wa juma mmoja na mshindi akapatikana Jumapili jioni.

Katika raundi ya kwanza majina hupangwa kwa ubora, orodha ikakatwa katikati, na wa kwanza wa nusu ya juu akakutanishwa na wa kwanza wa nusu ya chini. Wakiwa 8, wa 1 anacheza na wa 5, wa 2 na wa 6, wa 3 na wa 7, wa 4 na wa 8. Matokeo yake ni kwamba mgeni kutoka Meru asiye na namba yoyote anakutanishwa asubuhi na mapema na mtu mkali. Mara nyingi atafungwa. Nimewaona watoto wakitokwa na machozi saa nne asubuhi wakidhani safari imekwisha, na mwalimu naye anaanza kukusanya mabegi! Kumbe raundi ya pili atapewa aliyefungwa kama yeye, na akishinda tano zilizobaki anaweza kumaliza karibu kabisa na kilele.

Karibu na kilele, nasema, kwa sababu kuna kitu kiitwacho Buchholz. Wachezaji wawili wakilingana pointi, na nafasi ya kufuzu ni moja, mara nyingi hawachezi tena. Hutazamwa waliocheza nao. Pointi za wapinzani wako wote hujumlishwa, na aliyepambana na wakali ndiye anayewekwa mbele.

Chukua mfano wa wasichana wawili katika mashindano ya raundi 6, kila mmoja akiwa na pointi 5. Wa kwanza alishinda tano mfululizo akafungwa raundi ya mwisho na bingwa mwenyewe. Wapinzani wake walimaliza na 2, 3, 3½, 4, 4 na 6. Jumla ni 22½. Wa pili alifungwa raundi ya kwanza, kisha akashinda tano dhidi ya waliokuwa chini. Wapinzani wake walimaliza na 3½, 1, 2, 2½, 3 na 3½. Jumla ni 15½. Pointi ni sawa, lakini wa kwanza anakwenda na wa pili anabaki. Mzazi wa huyo wa pili atapiga kelele kwamba mtoto wake ameibiwa, na atatafuta kabila la mwamuzi. Hakuna aliyeiba. Hesabu ndiyo imesema. Afadhali mtoto aelezwe Ijumaa kuliko kuelezewa Jumapili.

Kuna na mambo madogo yanayoua. Kete ukiigusa kwa nia ya kuicheza, ni lazima uicheze. Hakuna kusema "nilikuwa naiweka sawa" baada ya kuona farasi anakungoja. Hatua zote huandikwa, zako na za mwenzako. Na saa! Mtoto aliyefunzwa chini ya mwembe hajawahi kucheza na saa, anashangaa anaambiwa ameshindwa ilhali ana malkia na ngome mbili na mwenzake ana mfalme na askari kadhaa tu. Muda wake umekwisha. Mwalimu mmoja wa upande wa Embu alinihadithia jinsi mvulana wake alivyomjia akitetemeka. "Mwalimu, mbona wamenipa sufuri na mimi sijafungwa?" "Umefanya nini?" "Mama amenipigia kuniuliza kama nimekula." Simu ilikuwa mfukoni. Ikishalia mfukoni, mchezo umekwenda, hata kama aliyepiga ni mama na swali ni la chakula.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe, ambalo ndilo linalomfungia mtoto wa Meru nje. Ni namba.

Kila mchezaji anayetambuliwa duniani ana namba ya ubora, inayoitwa Elo kwa jina la Arpad Elo, profesa wa fizikia aliyezaliwa Hungaria akafundisha Milwaukee, Marekani. FIDE iliichukua hesabu yake mwaka 1970. Wazo lake si gumu. Ukiwa na pointi 200 zaidi ya mwenzako, unatarajiwa kuvuna kama asilimia 76 ya pointi mkicheza mara nyingi. Ukivuna zaidi ya matarajio, unapanda. Ukivuna pungufu, unateremka. Mtoto mwenye 1500 akicheza na mwenye 1700 anatarajiwa kupata 0.24 tu. Kwa kuwa wanaoanza hubadilishwa kwa kipimo cha 40, akishinda anapanda pointi 30.4, akitoka sare anapanda 10.4, na akifungwa anapoteza 9.6. Kwa hiyo mdogo hana sababu ya kumwogopa mkubwa. Mkubwa ndiye mwenye cha kupoteza, na baadhi yao utawaona wakichagua mashindano ya kucheza kama mtu anayechagua nyanya sokoni.

Kwa miaka mingi orodha ilianzia 1000. Kuanzia Machi 1, 2024, FIDE iliinua sakafu hadi 1400. Ila ili uingie orodhani kabisa, unahitaji kucheza angalau michezo 5 na watu ambao tayari wana namba. Si lazima yote iwe katika shindano moja. Inaweza kukusanywa kwa muda usiozidi miezi 26. Na ikiwa katika shindano lako la kwanza umeambulia sufuri tupu, matokeo hayo hayatazamwi.

Soma tena sentensi ile, msomaji: na watu ambao tayari wana namba. Hapo ndipo pana mtego. Kijana wa Meru anaweza kuwafunga wote wa shule yake, wa shule jirani, na walimu wao, mara mia. Asipokutana na mwenye namba, katika shindano lililosajiliwa, lenye mwamuzi anayetambulika, hana kitu. Kwa FIDE hajazaliwa. Na wenye namba wengi wanaishi Nairobi, na mashindano mengi ya kuhesabiwa hufanyika huko huko. Kama uteuzi unatazama namba, basi uteuzi umeshaanza kuamuliwa na barabara kabla ya mtu kuisogeza kete.

Na barabara yenyewe tunaijua. Embu ni kama kilomita 130 kutoka Nairobi, hivyo mtu anaweza kuondoka alfajiri akafika kabla ya raundi ya kwanza, roho mkononi. Meru ni zaidi ya kilomita 220, na baada ya Embu njia inajipinda kando ya mlima, Runyenjes, Chuka, Chogoria, ikiteremka na kupanda kila inapokutana na mto. Daraja la Nithi halihitaji maelezo kwa mtu wa huku. Mnamo Julai 2022 basi lilitumbukia pale na zaidi ya watu 30 wakafa. Mzazi gani atapanga mtoto wake wa miaka 12 apite hapo Jumapili usiku kwa sababu raundi ya sita imechelewa kwisha? Na huchelewa. Mchezo wa kawaida wa dakika 90 kila mmoja, na sekunde 30 zinazoongezwa kwa kila hatua, ukifika hatua 60 unaweza kula saa nne. Michezo sita ya namna hiyo haishi siku moja. Ni kulala Nairobi siku mbili, mtoto na mtu mzima wa kumlinda, kula, kulipa ada ya kuingia, kisha Jumatatu asubuhi awe darasani.

Ukisema hayo kuna watakaokujibu kwamba kipaji hakizuiliki, na watakutajia Phiona Mutesi. Haya, tumtaje. Msichana wa Katwe, Kampala, aliyemfuata kaka yake hadi kwenye kibanda ambako Robert Katende alikuwa akiwafundisha watoto sataranji na kuwapa uji. Aliufuata uji. Mwaka 2010 alikuwa katika timu ya Uganda kwenye Olimpiadi ya sataranji Khanty-Mansiysk, Urusi. Mwaka 2012, Istanbul, akapata cheo cha kimataifa, na mwaka 2016 filamu ikatengenezwa juu yake, Lupita Nyong'o wetu akiigiza kama mama yake. Ni hadithi ya kweli na ya kutia moyo, nami sina nia ya kuipunguza. Lakini itazameni ramani. Katwe imo Kampala. Mashindano ya Uganda yanafanyika Kampala. Mutesi alikuwa maskini kuliko watoto wengi wa Meru, lakini jambo moja hakuwa nalo la kuhangaikia: kilomita. Laiti angalizaliwa Karamoja, sijui kama tungalimjua.

Hata mabingwa wakubwa wameponea chupuchupu katika jambo hili la kufuzu. Bobby Fischer wa Marekani alikuwa akiongoza mashindano ya mchujo wa dunia pale Sousse, Tunisia, mwaka 1967, akagombana na waandaaji kuhusu ratiba na kujiondoa. Mwaka 1969 hakucheza ubingwa wa Marekani, ambao ndio uliokuwa mashindano ya kanda ya nchi hiyo. Kwa karatasi alikuwa nje. Ni Pal Benko, aliyekuwa amefuzu kwa halali yake, aliyemwachia nafasi, na FIDE ikakubali. Fischer akaenda Palma de Mallorca mwaka 1970, akashinda kwa tofauti ya pointi 3½, na mwaka 1972 akawa bingwa wa dunia kwa kumshinda Boris Spassky kule Reykjavik. Watu huisimulia hadithi hii kama mfano wa uungwana wa Benko, na ni kweli. Mimi huiona pia kwa jicho jingine. Kanuni ilipindwa kwa sababu kila mtu alijua Fischer ni nani. Mtoto ambaye hajawahi kuonekana na mtu yeyote mwenye namba, nani atamwachia kiti?

Kwa wasichana kuna faraja kidogo, na wazazi wa mabinti wanifuate hapa. Wana kundi lao, na wanaruhusiwa pia kucheza katika kundi la wote. Kwa kuwa wasichana wanaocheza ni wachache zaidi, msafara wa kuelekea nafasi ile ni mfupi. Kenya imepeleka timu ya wanawake Olimpiadi baada ya Olimpiadi, na jina la Joyce Nyaruai limekuwa humo kwa miaka. Lakini binti naye anahitaji namba, na mlinzi wa safari, na mzazi ambaye hatasema mchezo huu ni wa wavulana wavivu. Hilo la mwisho halina kanuni ya FIDE.

Nini kifanyike? Wapo wanaopendekeza kwamba kila kaunti ipewe kiti cha bure katika mchujo wa taifa. Naelewa huruma iliyomo, ila siungi mkono. Mtoto asiye na michezo ya kutosha ukimrusha kati ya wakali anarudi na sufuri na moyo uliovunjika, na mwaka unaofuata kiti hicho atapewa mpwa wa mtu. Mimi naona ni nafuu kuigeuza safari.

Fikiri hesabu hii. Watoto 30 wa Meru na Embu kwenda Nairobi, pamoja na walimu wao, ni basi zima, ni vitanda zaidi ya 30 kwa siku mbili, ni ruhusa 30 za wazazi. Wachezaji kumi wenye namba kutoka Nairobi kuja Chuka ni matatu moja. Mwamuzi anakalia kiti cha mbele karibu na dereva. Barabara hiyo ina vyuo vikuu mtindo mmoja: Chuo Kikuu cha Embu, Chuo Kikuu cha Chuka, kile cha Kimethodisti pale Kaaga, na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru pale Nchiru. Vyote vina kumbi, na vina mabweni ambayo wakati wa likizo hulaliwa na popo. Mbao ishirini na saa zake si mali ya kumshinda mfadhili mmoja wa mjini, au hata chama cha wazazi kikiamua.

Ila wenye namba wasiletwe kwa ajili ya picha. Wakiwa wawili au watatu tu kati ya watu 40, katika mfumo wa Uswisi watapanda juu upesi na watoto wengi hawatakutana nao hata mara moja. Kumi ni kiasi cha kuanzia. Mtoto akicheza na wawili au watatu wao Aprili, na wengine wawili au watatu Agosti, mashindano yote mawili yakiwa yamesajiliwa na shirikisho na matokeo kupelekwa FIDE, basi kabla ya Krismasi anaweza kuwa na michezo yake 5 na jina lake katika orodha. Miezi 26 inatosha kabisa. Hata akikosa likizo moja kwa sababu ya karo au kuvuna kahawa, bado hajapitwa.

Walimu wanaotaka kujaribu waanze na mambo mawili: kumsajili kila mtoto na shirikisho ili apewe namba ya utambulisho, jambo ambalo halihitaji awe ameshinda chochote, na kuliomba shirikisho tarehe mapema, angalau muhula mmoja kabla, kwa kuwa kalenda ya Nairobi hujaa. Ukumbi uombwe kwa barua yenye mhuri wa shule. Na simu za watoto zikusanywe mlangoni katika kikapu, pamoja na ya mwalimu.